Mwingereza wa Shangazi

Kwetu mtu akiulizwa ukoo, anautaja. Hahitaji kufikiri, kama asivyohitaji kufikiri akiulizwa jina la mama yake. Sisi tu, katika eneo lote kati ya Tororo na Busia, ndio tuliokuwa tukijibu, "Sisi ni Waingereza." Tulijibu hivyo tukiwa pekupeku, jembe begani. Binamu yangu alimjibu hivyo polisi aliyemkamata kwa kuendesha pikipiki bila taa, na polisi akamwambia kwamba kituoni pia wana kiti cha Mwingereza.

Chanzo cha Uingereza wetu ni shangazi, dada ya marehemu baba. Aliolewa upande wa Kenya, Busia, kabla mimi sijaanza shule, na huko ndiko anakoishi mpaka leo, mjane mwenye kofia. Chai yake hunywewa saa nne kamili, kikombe juu ya kisahani, kidole kimoja hewani. Samaki humla kwa uma, akaondoka mezani na njaa yake na heshima yake. Mbuzi wake wakiingia shamba la jirani, jirani huambiwa kwamba watu wa damu ya Kiingereza hawafungi wanyama kamba. Kuna wakati familia ya kifalme ya Uingereza ilifiwa, shangazi akakaa matanga siku tatu. Majirani, kwa kuwa ni watu wema, walimletea sukari.

Hadithi yake ilikuwa hivi. Zamani alikuja Mwingereza mpimaji wa ardhi, mrefu, muungwana, mtoto wa watu wakubwa huko kwao. Ndiye aliyepima mpaka wa Uganda na Kenya. Katika kupima alichoka, katika kuchoka akapumzika, na katika kupumzika akazaliwa babu yangu, yaani baba yake shangazi. Ni kweli babu alikuwa mweupe kidogo, na ni kweli alikuwa na jina la Kiingereza, ambalo ndilo jina la familia yetu mpaka leo. Baada ya hapo Mwingereza akaenda zake. Kila nilipopanga foleni mpakani, kitambulisho mkononi, nyuma ya mama mwenye kuku sita, nilikuwa najiambia kwamba mpaka huu kauchora babu wa ukoo wetu, angalau wangetupa dirisha letu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi nje kidogo ya Tororo, njia ya Osukuru, na huyo Mwingereza sikuwahi kumwamini. Baba yangu hakuwahi kumtetea wala kumkana. Tulipomuuliza alisema, "Muulizeni dada yangu," kisha akatoka nje kuwaangalia ng'ombe, ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote. Basi Mwingereza akaendelea kukaa nyumbani kwetu bila kufanya kazi, kama wageni wengine wa aina yake.

Kisha binti yangu akapata mchumba. Kijana wa upande wa Kenya, anapitisha mizigo ya watu forodhani pale Busia, mpole, anayesikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Nilimpenda. Binti yangu alimpenda zaidi, na hilo lilionekana, kwa sababu alianza kuimba akiosha vyombo, na sauti ya kuimba hana. Tukapanga siku ya utambulisho, familia mbili zikutane rasmi kabla ya harusi. Wiki chache kabla, baba mkubwa wa kijana, mzee mwenye fimbo na daftari dogo, alikuja kwangu, akakaa, akakataa soda, na nikajua kuna neno.

"Mwalimu," alisema, "sisi hatuna ubaya na Wazungu. Lakini Mzungu sio ukoo. Ukoo wetu uko kwetu na uko huku kwenu, mpaka uliukata katikati. Tukiozesha watoto kwa kuangalia sura, tutaozesha ndugu kwa ndugu. Kama Mzungu wenu ni wa kweli, tuonyeshe karatasi. Kama sio wa kweli, tuambie ukoo wenu, tujue."

Kisha akanisimulia habari ya msichana wa kijijini kwao. Aliolewa vizuri, akazaa, halafu wazee wakagundua kwamba yeye na mumewe ni wa ukoo mmoja. Alirudishwa kwa wazazi wake na mtoto mgongoni. Mzee hakuisimulia kwa ukali. Aliisimulia kama mtu aliyekuwepo na ambaye hataki kuwepo tena. Alipoondoka nilimkuta binti yangu mlangoni mwa jikoni, mikono ina povu, na siku hiyo hakuwa akiimba.

"Baba, tafuta," alisema. Akarudi kwenye vyombo.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa na hamu ya miaka mingi ya kumvua Mwingereza yule suruali mbele za watu, na sasa nimepewa ruhusa. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nitaonyesha kwamba Mwingereza ni porojo, nitapata ukoo wetu halisi, nitautaja siku ya utambulisho kama binadamu mwingine yeyote, binti ataolewa, na shangazi atakula samaki kwa mkono. Nilimpigia simu kumweleza.

"Usihangaike, mwanangu," alisema. "Rejista za kanisa ziliungua zote. Na damu haitafutwi kwenye makaratasi."

Nikasema moyoni, hicho ni kiburi. Sikio langu la ualimu, ambalo lilizoea kutambua mtoto anayedanganya kabla hajamaliza kupiga chafya, siku hiyo lilikuwa limelala.

Nilianzia Uingereza kwa sababu Uingereza iko kwenye simu, na Nagongera, kwenye kanisa la babu, unahitaji kuamka mapema. Kuna mahali kwenye mtandao ambapo Waingereza hukutana kutafuta babu zao. Sikuamini macho yangu. Watu waliokuja kutufundisha majina ya mito yao hawajui jina la baba wa babu! Hapa kwetu hata mlevi anakutajia babu saba kabla hajaanguka mtaroni. Wao wanakwenda makanisani, wanapuliza vumbi kwenye vitabu vya ubatizo, wakimpata mmoja wanashangilia kama wamepata mbuzi aliyepotea. Mama mmoja mstaafu wa huko alijitolea kunisaidia. Aliandika barua ndefu, zenye adabu, na kila mara aliniuliza hali ya hewa.

Jina letu, aliniambia, katika wilaya alikozaliwa mpimaji mmoja wa jina hilo aliyetumwa huku, lilikuwa na watu wengi kuliko makaburi. Katika parokia moja tu alipata wanaume watatu wa jina lilelile, walioishi wakati mmoja, na kasisi aliyekuwa anaandika hakujali kuwatofautisha isipokuwa kwa kazi. Mmoja kazi yake ilikuwa kutega fuko waliochimbachimba mashamba ya matajiri. Wa pili alikuwa anawasha taa za barabarani kwa mti mrefu, na alfajiri anarudi kuzizima. Mama wa Uingereza aliwafuata wote watatu, kitabu baada ya kitabu, wakimponyoka, wakihama, wakifa na kufufuka katika parokia ya pili. Mwisho akapata uhakika. Mpimaji wetu, yule muungwana wa shangazi, alikuwa mjukuu wa yule wa tatu.

Wa tatu alikuwa anaokota kinyesi cha mbwa. Nilisoma barua mara mbili nikidhani Kiingereza changu kimechakaa. Hapana. Mama yule alieleza kwa upole kwamba zamani wenye viwanda vya ngozi walilainisha ngozi kwa kinyesi cha mbwa, na maskini walizunguka mitaani na ndoo wakikiokota, na ilikuwa kazi inayotambulika, imeandikwa kwenye rejista ya kanisa kwa wino mzuri. Alitumaini habari hiyo haitaniudhi. Mimi nilikuwa nimekaa uani nacheka mpaka mke wangu akatoka kuniangalia. Nilimwona shangazi na kofia yake, na ndoo.

Kwa hiyo Mwingereza alikuwepo kweli, jambo ambalo sikulitegemea. Lakini kuwepo hakumfanyi mtu kuwa babu yangu. Ilibaki kutafuta upande wetu, na siku iliyofuata nilikwenda Nagongera, kwenye kanisa ambako babu alibatizwa. Ilikuwa siku ya soko, na boda boda yangu ilipita katikati ya mihogo na mitumba ikiomba njia. Katibu wa parokia, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisikiliza akichambua maharagwe.

"Kitabu ya zamani iko," alisema. "Nani alikuambia imeungua? Hapa haijaungua kitu, labda maharagwe yangu."

Rejista ilikuwa chini ya kinanda cha kwaya, kwa sababu mguu mmoja wa kinanda ni mfupi. Tulikiinua, tukaweka matofali badala yake, na mama akanipa kitabu na onyo nisilambe kidole ninapofunua. Kilikuwa na safu zilizochorwa kwa rula: jina, baba, ukoo, kazi, msimamizi wa ubatizo. Nikaanza kusoma, na nikasahau kula. Wapagazi, wapishi, mafundi wa matofali, mtu mmoja aliyeandikwa kazi yake ni "kungoja". Sijui alikuwa anangoja nini.

Babu yangu nilimpata akiwa mtoto mchanga. Amebatizwa, ana jina la Kiingereza. Lakini kwenye safu ya baba hakuna Mwingereza. Kuna mtu wa hapa, jina lake la nyumbani ni lile wanalopewa watoto waliozaliwa wakati wa mvua, na nyuma ya jina hilo limebandikwa jina la Kiingereza. Nikarudi nyuma kurasa kumi na kitu nikamtafuta mtu huyo wa mvua, na nikampata, mtu mzima, siku aliyobatizwa mwenyewe. Kazi: mshika mnyororo wa mpimaji. Msimamizi wa ubatizo: mpimaji, jina lake kamili, jina letu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wapimaji wa wakati huo walipima nchi kwa mnyororo wa chuma, na mtu mmoja aliushika ncha hii, mwingine ncha ile, wakitembea porini siku nzima. Baba wa babu alikuwa ncha moja. Alipobatizwa, bwana wake alisimama naye kanisani, na yeye akachukua jina la aliyemsimamia, kama walivyofanya wengi, kwa heshima tu. Tungeweza vilevile kuwa na jina la askofu. Nilimpenda mtu huyo palepale. Nilikuwa na babu, mwenye kazi, mwenye miguu iliyochoka.

Ndipo nikaangalia safu ya ukoo.

Sitautaja, kwa sababu wenyewe ni wengi na wana fimbo. Ulikuwa ukoo wa mzee wa daftari. Ukoo wa mchumba wa binti yangu, ambao mpaka uliukata katikati, na mtu aliyeushika mnyororo uliokata alikuwa mmoja wao. Nikakaa kwenye benchi la kwaya. Mama wa maharagwe akaniuliza kama nimepata mtu wangu. Nikamjibu nimempata, nikapiga picha kurasa zile mbili kwa simu, nikamshukuru, nikasahau kofia yangu.

Nikiwa njiani, karibu na Kisoko, jambo la pili likanijia. Marehemu mume wa shangazi naye alikuwa wa ukoo uleule. Nilimwambia mwenye boda asimame. Nilisimama kando ya barabara kama mtu aliyeshikwa na haja, nikifikiria baba na ng'ombe wake.

Kesho yake nilivuka mpaka nikaenda kwa shangazi. Ilikuwa saa nne, kikombe kiko mezani. Nilimpa simu. Aliitazama picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, kwani simu anaijua kuliko mimi. Kisha akavua kofia. Nywele zake zilikuwa zimebaki chache sana, na mimi sikuwa najua.

"Walitaka kunirudisha," alisema. "Posa imeshakubaliwa, na mzee mmoja wa kwao akaanza kuuliza ukoo. Baba hakusema kitu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nampenda yule mwanamume. Jina la Kizungu lilikuwepo, baba alikuwa mweupe. Nikasema, sisi ni wa Mwingereza. Nilisema mara moja tu, mwanangu. Baadaye ikabidi niendelee."

"Miaka yote hiyo, shangazi?"

"Uongo ukiulea lazima uulishe. Ulidhani mimi napenda uma?"

Nilicheka, kisha nikaona kwamba analia. Nilikuwa nimemcheka mwanamke huyu maisha yangu yote, kwenye harusi, kwenye misiba, mbele ya watoto. Alikuwa analinda nyumba yake kwa kofia. Nilimwomba radhi na yeye akasema nisiwe mjinga, chai inapoa. Kisha akaniuliza hao watu wa Uingereza walikuwa watu gani hasa. Nikamwambia. Aliweka kikombe chini.

"Cha mbwa?"

"Cha mbwa, shangazi. Kwa ndoo."

Akatazama nje dirishani. Nikarudi nyumbani bila kujua nitasema nini siku ya utambulisho. Binti nilimwambia kwamba karatasi ninayo. Hilo halikuwa uongo. Nilikuwa nazo mbili.

Siku ikafika. Turubai uani, viti vya plastiki, wakwe wamepangwa upande mmoja na sisi upande wa pili, shangazi mstari wa mbele, kofia mpya yenye ua, glavu mikononi katika joto lile. Binti yangu alikuwa ndani na dada zake, akisubiri kuitwa. Mzee wa daftari alisimama, akasalimu pande zote, akaniuliza swali lake. Simu yangu, yenye picha ya rejista, ilikuwa mfuko wa kushoto. Barua ya mama wa Uingereza, niliyoichapisha mjini, ilikuwa mfuko wa kulia. Nilikuwa mwalimu miaka mingi na niliwachapa watoto kwa kusema uongo. Nikatia mkono mfuko wa kulia.

Nilieleza kwamba tumemtafuta Mwingereza kwenye vitabu vya kanisa vya kwao na amepatikana. Nikataja jina, nikataja parokia. Mzee alisikiliza kwa kichwa upande.

"Hilo ni jina," alisema. "Jina mtu anaweza kuokota popote. Huyo Mzungu alikuwa mtoto wa nani? Wote mnasema mlizaliwa na mabwana wakubwa."

Alikuwa amepata kidonda chetu bila kujua. Nikasoma. Nilisoma polepole, nikitafsiri: babu wa mpimaji, ameandikwa kwenye rejista ya ubatizo wa watoto wake, kazi yake kuokota kinyesi cha mbwa barabarani na kuwauzia wenye ngozi. Mtu mmoja upande wa wakwe alikohoa vibaya. Mzee alinitazama, kisha akageuka kumtazama shangazi, kwa sababu sifa zake za Uingereza zilijulikana Busia nzima, pande zote mbili.

"Mama," alimuuliza, "haya ni kweli?"

Shangazi akasimama. Alichukua muda kusimama. Akanyoosha glavu, moja, ya pili.

"Ni kweli," alisema. "Cha mbwa. Kwa ndoo. Tulikuwa tunaficha."

Mzee alifunga daftari. "Mtu hawezi kujitungia babu wa namna hiyo," aliwaambia watu wake, na uani kote pakaangua kicheko, wakwe na wenyeji pamoja, na shangazi akiwa bado amesimama katikati yake, kichwa juu, akicheka kidogo kwa ukingo wa mdomo. Wakamwita binti. Alitoka akaniangalia mimi kwanza, nikamkubalia kwa kichwa, na uso aliouonyesha hapo nitakufa nao.

Walipokwenda wageni nilimsindikiza shangazi hadi barabarani. Aliniegemea mkono.

"Nimemlea miaka yote hiyo bwana mkubwa," alisema, "wewe umemfanya mwokota mavi."

"Ameozesha wawili."

"Basi apumzike," alisema, akavua glavu na kunipa nizishike, akapanda gari la wajukuu.

Nilirudi uani nikakaa kwenye kiti kimoja cha plastiki huku wanawake na wanaume wakikunja turubai. Nilitoa simu, nikafungua picha. Mtu aliyezaliwa wakati wa mvua, mwana wa fulani, wa ukoo fulani, mshika mnyororo. Alitembea nchi hii yote akishika ncha, na mpaka huo ukapita katikati ya ndugu zake, na hakuna hata mtu mmoja wa uzao wake anayejua jina lake isipokuwa mimi na mwanamke mwenye kofia. Shangazi alimkana akiwa na miaka kumi na minane, kwa mapenzi. Mimi nimemkana nikiwa na mvi, nikiwa na karatasi yake mfukoni. Nilimwomba radhi kwa sauti, kwa lugha ya kwetu, na mke wangu akauliza nazungumza na nani. Nikamwambia hakuna mtu.